Kiwanja cha mashine ya kusaga na kufungasha nafaka Dar es Salaam: Sinza, Mikocheni, Vingunguti, Kibada au Kisarawe II?

Msagaji wa Dona (mwanzisha mada)

Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miaka minne nimekuwa nikisaga dona na kufungasha unga wa lishe katika banda la uani nyumbani kwa mama yangu Tabata, nikiwa na mashine moja na wasaidizi wawili. Oda zimeongezeka, mashine ya pili nimeshailipia nusu, na mwezi uliopita jirani yetu alikuja kwa adabu kunieleza kwamba vumbi la unga linaingia katika chumba cha mtoto wake mwenye pumu. Alikuwa na haki kabisa, nami nimeamua kuhama kabla sijaambiwa nihame.

Nimezungukia maeneo matano. Sinza nimepata nyumba ya kupanga yenye uwanja mpana, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Shekilango. Mikocheni nimeonyeshwa sehemu ya ghala katika eneo la viwanda vidogo, ingawa pango lake ni karibu mara tatu ya lile la Sinza. Vingunguti kuna nafasi mbili, moja katika eneo la SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na nyingine katika ghala la mtu binafsi upande wa bondeni. Kibada, Kigamboni, kuna kiwanja ambacho hati yake imeandikwa makazi na biashara, nacho kinauzwa. Mwisho kuna eneo la viwanda la Kisarawe II, huko huko Kigamboni, ambako ardhi ni kubwa lakini mbali na wateja wangu.

Kuhusu bei sihitaji msaada, kwa kuwa kila dalali amenitajia yake. Ninachoomba ni kulinganishiwa kile ambacho mipango miji inakiruhusu katika kila eneo, kinachoruhusiwa kwa masharti, na kile ambacho nikikifanya nitakuwa nimejenga juu ya mchanga.

Mpangamiji Mstaafu

Dada Msagaji, umeuliza kwa mpangilio ambao wengi hukosea, maana kwa kawaida mtu hununua kwanza, akajenga, kisha ndipo akaja ofisini kuuliza kama anaruhusiwa. Nitakujibu kwa urefu.

Kila kiwanja kilichopimwa katika jiji hili kina nyaraka mbili zinazosema kinaweza kufanyiwa nini. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, ambao unaonyesha kitalu kizima na kupanga ni viwanja vipi vya makazi, vipi vya biashara, vipi vya shule, zahanati au nyumba ya ibada, na wapi pameachwa wazi. Ya pili ni hati yenyewe, ambayo ina sharti la matumizi linalotaja kundi na daraja kwa herufi, kwa mujibu wa kanuni za makundi ya matumizi zilizotungwa chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Hati za zamani zitakutajia kanuni za mwaka 1960. Watu huisoma hati kwa kutazama jina la mwenye nayo, ukubwa wa kiwanja na miaka ya umiliki, iwe 33, 66 au 99, na sharti la matumizi wakalipita kana kwamba ni pambo la karatasi.

Sasa tuje kwenye kusaga nafaka. Tafsiri ya kiwanda chepesi tuliirithi kutoka mipango miji ya Kiingereza, nayo ni ya busara: ni kiwanda ambacho shughuli yake ingeweza kufanyika katika eneo la makazi bila kuharibu utulivu wa wakazi kwa kelele, mtetemo, harufu, mvuke, moshi, masizi, majivu au vumbi. Angalia kwamba ukubwa wa jengo haukutajwa, wala idadi ya wafanyakazi. Kipimo ni kile kinachovuka ukuta na kumfikia jirani. Fundi cherehani mwenye vyerehani ishirini anaweza kupita katika kipimo hicho, na kinu kimoja kisicho na kikusanya vumbi kikashindwa. Jirani yako wa Tabata amekufanyia ukaguzi huo bila malipo.

Kwa mizani hiyo, Sinza ya mtaa wa pili naiondoa. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na nia yake ilikuwa kuwapa wananchi wa kipato cha kawaida mahali pa kujenga nyumba za kuishi. Viwanja ni vidogo na nyumba zimekaribiana. Yapo maduka, baa na nyumba za wageni kila upande, lakini kuwepo kwake si ushahidi kwamba yameruhusiwa. Mengine yalibadilisha matumizi kihalali, hasa kando ya barabara kubwa, na mengine yalianza tu na hayajawahi kuulizwa.

Mikocheni, eneo la viwanda vidogo, ndipo mchoro unapokutaka hasa. Tatizo la pale ni la uchumi: ofisi, vyombo vya habari na maduka ya kuonyeshea bidhaa vimepandisha pango hadi mwenye mashine anasukumwa nje ya ardhi iliyotengwa kwa ajili yake. Hili linanisikitisha sana, kwa kuwa mji ukipoteza viwanda vidogo vya karibu, shughuli hizo hazifi, bali hurudi uani kwa watu.

Vingunguti nitaigawa mara mbili. Nafasi ya SIDO ni salama kimatumizi. Ile ya bondeni nenda nayo kwa tahadhari kubwa, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na bonde la Msimbazi ni eneo la hatari kwa mafuriko, tena hilo limejulikana tangu zamani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bondeni hadi Mabwepande. Magunia ya mahindi hayangesubiri kuhamishwa.

Kibada na Kisarawe II nitarudi kuzisemea, kwanza niwaachie wengine nafasi.

Fundi wa Keko

Shikamoo Mzee. Dada, mimi ni seremala, si mtaalamu wa ardhi, ila nimeyapitia haya kwa mashine za kuranda. Nilipoanza Keko sikuwahi kusikia neno matumizi, kwa sababu pale kila mtu alikuwa fundi na kelele yangu ilimezwa na ya jirani. Nilipopata fedha kidogo nikahamia kwenye nyumba nzuri ya kupanga katika mtaa wa makazi, nikaweka randa mbili na msumeno wa meza, nikaingiza umeme wa njia tatu kwa gharama yangu, nikasakafu uwanja kwa zege. Mwenye nyumba alinihakikishia kwamba hakuna shida.

Baada ya miezi saba majirani walipeleka malalamiko serikali ya mtaa, yakapanda hadi halmashauri, nikapewa notisi ya kusimamisha shughuli. Mwenye nyumba alisema yeye alinipangisha nyumba, hakunipangisha kiwanda. Zege na nyaya zilibaki pale pale. Ninachokuomba ni kwamba usiridhike na neno la mwenye nyumba hata kama ni mtu mwema. Omba nakala ya hati, usome sharti la matumizi wewe mwenyewe, na kama hataki kukuonyesha, ondoka.

Mkazi wa Sinza

Mimi naishi Sinza tangu utotoni na naunga mkono alichosema Mpangamiji Mstaafu, ila nitaongeza upande wetu sisi tusio na biashara. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za kuishi tu. Ilianza duka, ikafuata baa, kisha gereji, na kila mmoja aliyekuja alitoa hoja kwamba aliyemtangulia hakuzuiwa. Mwaka 2022 baraza la mazingira, NEMC, lilipofungia baa kadhaa kwa sababu ya kelele, tulilala usingizi ambao tulikuwa tumeusahau. Dada Msagaji, wewe umesikia lalamiko la jirani mmoja ukaamua kuhama, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini ukija mtaa wa pili kutoka Shekilango utawakuta majirani arobaini badala ya mmoja, na malori ya Fuso hayawezi kupishana na gari dogo katika barabara zetu.

Wakili wa Ardhi

Niongeze mambo ya kisheria, kwa kuwa yanabadilisha uzito wa kila chaguo.

Kwanza, mpangaji hawezi kuwa na haki kubwa kuliko ya mwenye hati. Hati ikisema makazi pekee, mkataba wa pango unaosema karakana haubadilishi kitu, hata ukiwa na mihuri kumi. Pili, kuvunja sharti la hati ni miongoni mwa sababu ambazo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inazitambua kuwa msingi wa kuanzisha hatua dhidi ya mmiliki, kuanzia notisi ya kumtaka arekebishe hadi kufutiwa haki yake. Mara nyingi mambo huishia kwenye notisi, lakini notisi moja inatosha kuzuia mkopo, kwa sababu benki itakapotuma mthamini atakuta kiwanda juu ya kiwanja cha makazi. Tatu, leseni ya biashara na usajili wa bidhaa katika Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kuchukua jukumu hilo kutoka kwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, havigeuzi matumizi ya ardhi. Nimekutana na wajasiriamali waliodhani cheti cha ubora kilichobandikwa ukutani kinawalinda dhidi ya afisa mipango miji. Hizo ni mamlaka mbili, na kila moja inauliza swali lake.

Kubadilisha matumizi kunawezekana. Mmiliki ndiye anayeomba, anaeleza sababu, maoni ya majirani na serikali ya mtaa yanatafutwa, kamati ya mipango miji ya halmashauri inajadili, kisha ombi linapelekwa kwa mamlaka ya juu kwa idhini, na hati inarekebishwa. Baada ya hapo kodi ya pango la ardhi hupanda, kwa kuwa hukokotolewa kwa kuangalia ukubwa, mahali na matumizi. Kwa hiyo kabla hujanunua Kibada kwa tumaini la kubadilisha, weka katika mkataba wa mauziano kwamba malipo ya mwisho yanategemea idhini kupatikana. Muuzaji akikataa kipengele hicho, huenda naye anajua jibu.

Msagaji wa Dona

Asanteni sana. Fundi wa Keko, pole kwa yaliyokukuta. Nimefanya kama ulivyosema: nilimwomba mwenye nyumba wa Sinza nakala ya hati, akasema iko kwa kaka yake, na leo simu haipokelewi. Nimeifuta Sinza.

Ya Kibada nimeiona. Imeandikwa makazi na biashara, na kiwanja kiko kwenye kona ya barabara pana. Je, neno biashara linabeba mashine ya kusaga? Muuzaji anasema kusaga na kuuza unga ni biashara kama biashara nyingine.

Mpangamiji Mstaafu

Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nilitaka uulize wewe mwenyewe. Katika lugha ya kawaida kila kinacholeta fedha ni biashara. Katika lugha ya mchoro, biashara ni duka, ofisi, mgahawa, saluni, benki na vinavyofanana na hivyo, mahali ambapo bidhaa au huduma inamfikia mtu aliyeingia mlangoni. Kubadilisha mahindi kuwa unga kwa ajili ya kusambaza ni uzalishaji, na uzalishaji umo katika kundi la viwanda. Kwa uzoefu wangu, kinu kidogo cha mtaani ambacho mama analeta debe lake, anasagiwa, anaondoka nalo, maofisa wengi hukihesabu kama huduma ya kitongoji, na hupewa nafasi kwenye kituo cha biashara cha mtaa. Mashine mbili, wafanyakazi kadhaa na Fuso la magunia kila wiki si jambo hilo.

Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, sambamba na Mbweni, Bunju, Mivumoni, Tuangoma, Mwanagati na Buyuni. Maeneo hayo yalipangwa kwa uangalifu kwa ajili ya watu kuishi, na viwanja vya makazi na biashara viliwekwa ili wakazi wapate mahitaji karibu. Ukiweka duka la kuuzia unga wako pale, pamoja na chumba cha kufungashia kwa mikono, sioni tatizo. Ukiweka vinu, utakuwa umeihamishia Kibada kero ya Tabata.

Kisarawe II ni kinyume chake. Imetengwa kwa viwanda, lori linaingia na kutoka, na mtetemo haumwamshi mtoto wa mtu. Tangu Daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, safari ya kwenda na kurudi haitegemei tena kivuko peke yake. Lakini ardhi ya viwanda hutolewa kwa vipande vikubwa na kwa matarajio kwamba utajenga kwa kiwango fulani ndani ya muda fulani. Kwa mtu mwenye mashine mbili ni koti la mtu mzima kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Mtaniruhusu niseme kidogo kuhusu asili ya mgawanyo huu, kwa sababu vijana wanauona kama umeshuka na mvua. Wajerumani waliweka kanuni ya ujenzi mwaka 1891, na mji ukagawanywa kufuata aina ya jengo, mgawanyo ambao ulikuwa wa watu kwa jina la majengo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja ilibaki uwanja mtupu wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, ule wa 1968 na ule wa 1979 yote ilikuta ramani hiyo tayari imechorwa ardhini. Ndiyo maana Oysterbay ina viwanja ambavyo leo vinameza hoteli na ofisi bila jirani kuguswa, na Kariakoo kiwanja cha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kinabeba ghorofa nane. Mjasiriamali mdogo wa leo anatafuta nafasi katika mji ambao haukumpangia nafasi, nami nasema hivi nikiwa nimetumikia ofisi hizo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Maeneo ya viwanda vidogo yalipaswa kuwa mengi zaidi, tena karibu na makazi, yakitenganishwa nayo kwa barabara au miti tu.

Duka la Kariakoo

Kwa kuwa Kariakoo imetajwa: dada usivutiwe na mtu atakayekuja kukupangisha chumba cha chini au ghorofa ya juu kwa kusagia. Kule matumizi ya biashara na makazi yanakaa jengo moja, na mizigo imejaa kila sakafu, lakini mashine yenye mtetemo katika jengo ambalo hukuliona likijengwa ni hatari ya maisha. Sisi tuliokuwepo tarehe 16 Novemba 2024, siku jengo lilipoanguka, hatuhitaji kuelezwa. Kariakoo ifanye mahali pa kuuzia tu.

Mwanachama kutoka Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu mgawanyo wa kanda unafanana na wenu kwa asili, kwa kuwa mpango mkuu wa mwaka 1948 uliukuta mji umeshatengwa kwa rangi, na eneo kubwa la viwanda likawekwa karibu na reli. Karen na Muthaiga bado ni za nyumba ya familia moja kwenye kiwanja kikubwa, wakati Kilimani na Kileleshwa zimeruhusiwa maghorofa ya makazi. Anayetaka kubadilisha matumizi hutangaza kwenye magazeti na kuweka ubao kwenye kiwanja chenyewe ili majirani wapinge mapema. Ubao ule una faida kubwa: wewe mwombaji unajua upinzani kabla hujaweka msingi.

Lakini linalokuhusu zaidi ni Kariobangi Light Industries. Pale mafundi wa vyuma, wasagaji na watengenezaji wa vipuri wamekaa pamoja katika eneo lililotengwa kwa ajili yao, mitaa ya makazi ikiwa jirani kabisa. Nilianza pale na mashine moja ya kukamulia mafuta ya alizeti. Faida kubwa haikuwa ruhusa peke yake. Mashine ikiharibika, fundi wa kuchonga kipuri yuko milango mitatu kutoka kwako. Ukilinganisha SIDO Vingunguti na Kisarawe II, hesabu na hilo pia.

Wakili wa Ardhi

Hoja ya ndugu yetu wa Nairobi ni nzito. Mimi nilikuwa nikielekea kumshauri dada achukue Mikocheni kwa mkataba wa muda mrefu, kwa sababu ya usalama wa matumizi na ukaribu wa wateja. Nikifikiri zaidi, pango mara tatu lingemlazimisha kuongeza uzalishaji haraka kuliko soko lake, na ghala la kugawana lina tatizo la chakula kukaa ukuta mmoja na kemikali za mtu mwingine, jambo ambalo mkaguzi wa TBS hatalifumbia macho. Mikocheni naishusha hadi nafasi ya pili, nyuma ya SIDO Vingunguti.

Msagaji wa Dona

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, nikiwa na mama pembeni akisikiliza. Tumeamua hivi. Mashine zote mbili zitaenda SIDO Vingunguti nikipata nafasi, na kesho asubuhi napeleka maombi ya maandishi. Kibada sitanunua kwa mashine, ila nimemwomba muuzaji anipangishe kona ile kwa duka na ufungashaji wa mikono, na mkataba utaandikwa kulingana na sharti la hati. Ghala la bondeni nimelikataa: nilikwenda na futi ya mita mia, na kutoka ukuta wake hadi ukingo wa mto nilipata mita 41. Kikusanya vumbi nimeagiza hata hivyo, ingawa SIDO hakuna chumba cha mtoto upande wa pili wa ukuta, kwa sababu wasaidizi wangu wawili nao wana mapafu. Mpaka nihame, tunasaga saa nne hadi saa nane mchana, wakati mtoto wa jirani yuko shuleni.

Fundi wa Keko

Umefanya vyema, dada. Ukiitwa kuonyeshwa nafasi, nenda siku ambayo mashine za wengine zinafanya kazi, wala usiende Jumapili. Tazama lori linageukia wapi, uliza mita ya njia tatu ni ya nani na deni lake ni kiasi gani, na upime mlango kabla ya kusaini. Mashine yangu ya kwanza ilizidi mlango kwa vidole vitatu, tukabomoa fremu.